Kibali Kisicho na Watazamaji

Viongozi wa vikundi vya ngoma wa Handeni na walimu wa sanaa wa Korogwe wana la kujifunza kwa wasichana wa shule moja ya Kakamega, nchini Kenya. Asubuhi ya tarehe 10 Aprili 2025, mjini Nakuru, wanafunzi wa Shule ya Wasichana ya Butere walipanda jukwaani katika Tamasha la Kitaifa la Drama, wakaimba wimbo wa taifa, wakashuka. Igizo walilosafiri kwenda kulicheza, Echoes of War, hawakulicheza. Cha kushangaza ni kwamba siku hiyo hakuna aliyekuwa amewakataza. Walikuwa na amri ya Mahakama Kuu iliyotaka wapewe nafasi kama shule nyingine zote.

Mtu amepewa ruhusa na mahakama, amefika ukumbini, amevaa, halafu anakataa kucheza. Juu juu inaonekana ni utoto au ukaidi. Ukiifuata habari hatua kwa hatua, utaona kwamba wasichana wale walielewa jambo ambalo wasanii wengi wakubwa wa huku kwetu hawajalielewa mpaka leo.

Tuanze na habari yenyewe, maana Tanga ilifika vipande vipande, kila mtu na kipande chake alichokiona kwenye simu. Mwandishi wa igizo ni Cleophas Malala, aliyekuwa Seneta wa Kakamega kuanzia 2017 hadi 2022, kisha Katibu Mkuu wa chama tawala cha UDA mpaka alipoondolewa mwaka 2024. Igizo lake linahusu ufalme wa kubuni uliotoka vitani, ambamo vijana wanawauliza wakubwa maswali ambayo wakubwa hawapendi kuulizwa. Kenya ilikuwa bado na kidonda cha Juni 2024, pale vijana walipoingia barabarani kupinga Muswada wa Fedha na kadhaa kati yao wakauawa kwa risasi. Kwa hiyo ufalme ule ulikuwa wa kubuni kwa jina tu. Kila aliyesikia habari zake alijua uko upande gani wa ramani.

Igizo likaanza kupanda ngazi za mashindano, na lilipofika kanda likaondolewa kwenye safari ya kwenda taifa. Kesi ikafunguliwa katika Mahakama Kuu ya Kisii. Tarehe 3 Aprili, Jaji Wilfrida Okwany akaamuru Butere waruhusiwe kucheza Nakuru. Watu wakashangilia. Wengi tuliona mambo yamekwisha: sheria imesema, kilichobaki ni kupaka rangi usoni na kuingia jukwaani.

Jioni ya tarehe 9 Aprili, Malala alikwenda Kirobon, shule ambayo wasichana walikuwa wamefikia, ili awafanyishe mazoezi ya mwisho. Polisi wakafyatua mabomu ya machozi, wakamkamata, akalala mikononi mwao. Kesho yake wasichana wakapelekwa kwenye ukumbi wa Shule ya Melvin Jones. Nje polisi walikuwa tele, na mabomu ya machozi yakapigwa tena, safari hii yakiwaangukia wananchi na waandishi wa habari waliofika kutazama. Ndani, kwa maelezo ya wanafunzi wenyewe, hapakuwa na watazamaji wa kuwachezea, hapakuwa na vyombo vya sauti, na mwongozaji wao, Malala, hakuwepo. Waziri wa Elimu, Julius Ogamba, alihoji kwa nini mwanasiasa ambaye si mwalimu ashike igizo la wanafunzi.

Yeyote aliyewahi kusimamia igizo la shule, hata lile la mahafali ya kidato cha nne pale Korogwe, anajua maana ya asubuhi kama ile. Mwongozaji ndiye anayesimama pembeni ya pazia na kumnong'oneza aliyesahau mstari. Ndiye anayejua mwimbaji gani aanze kabla ya mwingine, nani apewe maji, nani ashikwe mkono kwa sababu magoti yanamtetemeka. Watazamaji nao wana kazi yao. Wanacheka mahali ambapo mwandishi alikusudia, wananyamaza palipo pazito, na mchezaji anapima pumzi yake kwa pumzi yao. Ukiondoa mwongozaji, sauti na watu, kinachobaki ni watoto wanaosema maneno waliyoyakariri mbele ya viti. Na baada ya hapo karatasi za waandaaji zitaandikwa: Butere, wamecheza. Amri ya mahakama, imetekelezwa.

Wasichana wakakataa kuandikiwa hivyo.

Naomba msomaji akae hapa kidogo, maana ndipo penye uzito. Zuio la kwanza, lile la ngazi ya kanda, lilikuwa baya, lakini lilikuwa na faida moja: lilionekana. Lilikuwa na siku yake, lilikuwa na wahusika wake, likaweza kubebwa na wakili na kuwekwa mezani kwa jaji, jaji akalitengua. Hata mwaka 2013 mambo yalikwenda hivyo. Shule ilikuwa hiyohiyo ya Butere na mwandishi huyohuyo Malala. Igizo liliitwa Shackles of Doom, likagusa ukabila na mgawanyo wa rasilimali, likapigwa marufuku. Mwanaharakati Okiya Omtatah akakimbilia Mahakama Kuu, na marufuku ikaondolewa. Waliozuia walishindwa kwa sababu walikuwa wamezuia waziwazi.

Miaka 12 baadaye, waliozuia walikuwa wamejifunza. Nasema hivi kwa kutazama matendo, maana hakuna aliyejitokeza kukiri. Hawakupinga amri ya Jaji Okwany kwa mdomo. Walisema ndiyo, kisha ndiyo ile ikapunguzwa usiku mmoja: mwongozaji akatolewa, sauti ikatolewa, watu wakatolewa. Utakwenda mahakamani kushtaki nini? Kwamba spika hazikuwepo? Kwamba watu hawakuingia? Ndiyo ya nusu haina anwani ya kupeleka barua ya malalamiko, na mpaka upate wakili wa kuieleza, tamasha limekwisha na zawadi zimegawiwa.

Serikali za zamani hazikuwa na ujanja huu. Mwaka 1977, wakulima na vibarua wa Kamiriithu, karibu na Limuru, walicheza Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii katika ukumbi wa wazi walioujenga kwa mikono yao. Igizo lilianza Oktoba, na kufikia katikati ya Novemba kibali kikafutwa. Mwisho wa mwaka Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini, akakaa humo karibu mwaka mzima. Ukatili ulikuwa wazi, na dunia nzima ikajua nani kafanya nini. Mwaka 1982 ukumbi wenyewe ukabomolewa. Ndiyo maana leo hata mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kuitaja Kamiriithu. Maigizo mangapi yameuawa kwa ndiyo ya nusu, na nani atayataja?

Kwetu Tanzania hapana tunaijua vizuri. Tuna Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976 na Sheria ya Baraza la Sanaa la Taifa Na. 23 ya mwaka 1984, na zote mbili zimewahi kutumika kumwambia msanii anyamaze. Roma Mkatoliki, kijana wa Tanga, alichukuliwa na watu wasiojulikana Aprili 2017 akiwa studio za Tongwe Records, Dar es Salaam, akaonekana tena siku chache baadaye. Mwaka 2018 Naibu Waziri Juliana Shonza akamfungia miezi sita kwa sababu ya wimbo wa Kibamia. Baadaye Roma akahamia Marekani. Hiyo ni hapana kavu, na kila kijana anayeandika mashairi ya kufokafoka kutoka Hale hadi Mkata anaikumbuka.

Ila ndiyo ya nusu nayo ipo, na huwa hatuiiti hivyo kwa sababu imevaa sura ya hisani. Machi 2017 Ney wa Mitego alikamatwa Morogoro kwa ajili ya wimbo wake Wapo, na Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA) likaufungia. Muda mfupi baadaye Waziri Harrison Mwakyembe akatangaza kwamba Rais Magufuli ameupenda, msanii aachiwe na wimbo upigwe, ila ingefaa auboreshe kwa kuongeza maovu mengine ya jamii, wakwepa kodi wakiwemo. Nchi nzima ilicheka na kupiga makofi. Mimi pia nilifurahi kwamba kijana katoka mahabusu. Lakini tuseme ukweli: msanii aliyetoka mikononi mwa polisi siku ileile hana nguvu ya kubishana na mtunzi mwenza wa namna hiyo.

Mwaka uliofuata likaja la Diamond Platnumz na Rayvanny. Wimbo wao Mwanza ulifungiwa Novemba 2018 kwa madai ya maadili. Desemba wakauimba jukwaani jijini Mwanza katika Wasafi Festival, na BASATA ikawafungia kufanya maonyesho ndani na nje ya nchi bila kutaja mwisho. Wakaomba radhi hadharani, na Januari 2019 wakafunguliwa. Sitawacheka kwa kuomba radhi. Nyuma ya jukwaa la Diamond kuna wapiga vyombo, wacheza dansi, madereva, mafundi wa taa na mama wa chakula, na kila mmoja ana kodi ya nyumba. Msanii mkubwa ana mengi ya kupoteza, na hilo ndilo linalomfanya awe mwepesi kukubali masharti. Wasichana wa Butere walikuwa na kikombe kimoja cha mashindano cha kupoteza, na walikipoteza.

Sasa turudi nyumbani, maana habari ya Nakuru haina kazi kwetu kama hatuioni kwenye uwanja wa shule ya kata.

Handeni na Korogwe zimefungwa pamoja kwa bomba. Maji ya mradi wa zamani wa Handeni Trunk Main (HTM) yanachotwa Mto Pangani upande wa Korogwe, yanasukumwa kwenda Handeni, na kwa miaka mingi shida ya maji Handeni imekuwa wimbo wa kila kampeni. Mradi wa maji wa Miji 28 umekuja kuongeza nguvu hapohapo. Kwa hiyo tuchukue mfano, wa kubuni kabisa lakini ambao kila mcheza ngoma ataujua. Kikundi cha ngoma ya selo kimeitwa kutumbuiza kwenye hafla ambayo mgeni rasmi anatoka mkoani. Kina mama wametoka kijijini alfajiri kwa Fuso. Wameketi chini ya mwembe, wamewasha majani makavu, wanazipasha ngoma ngozi zikaze. Wana ubeti mmoja kuhusu bomba lililopita kijijini kwao na kwenda zake bila kuwaachia tone. Anakuja kijana wa ofisi, ameshika daftari la ratiba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Mama, ngoma yenu tunaitaka sana. Ila ule ubeti wa maji, leo tuuache. Mgeni ana haraka."

"Tuuache tuuimbe lini?"

"Mama, siku nyingine tu. Leo tuimbe ule wa kumkaribisha."

Kijana hakutukana mtu na hakupasua karatasi. Ametoa shikamoo, ameita mama, ameomba. Yeye mwenyewe huenda nyumbani kwao hawana maji na anaimba ubeti uleule bafuni. Na kina mama wataingia uwanjani, watacheza vizuri, mgeni rasmi atatuza noti mbili tatu, picha zitapigwa. Jioni taarifa itasema wananchi wa Handeni walijitokeza kwa furaha kumlaki kiongozi. Kila neno la taarifa hiyo litakuwa kweli, na hakuna atakayejua kwamba palikuwa na ubeti.

Wanaosema kwamba hili ni dogo, kwamba ubeti mmoja hauleti maji, wana hoja yao, na siipuuzi. Kikundi kinahitaji mwaliko wa kesho. Nauli ya Fuso imelipwa na halmashauri. Tena katika nchi yetu adabu kwa mgeni ni jambo zito, na kumwimbia mgeni shida zako kabla hajaketi si desturi ya kila kabila. Lakini ngoma za Tanga hazijawahi kuwa za kukaribisha wageni peke yake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wasanii wa Wagosi wa Kaya waliuliza nchi nzima Tanga kuna nini, na katika wimbo wa Wauguzi wakawasema wahudumu wa hospitali kwa lafudhi ya nyumbani. Wauguzi walikasirika, watu wakacheka, na mjadala ukaingia mpaka mabarazani. Hakuna jengo lililoanguka.

Na kabla ya hao alikuwepo Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani karibu na Machui mwaka 1909, mtumishi wa serikali ya kikoloni aliyejua vizuri mkubwa anasoma vipi. Mwaka 1951 akatoa Kusadikika, kitabu cha nchi iliyoning'inia angani, ambamo Karama anashtakiwa kwa kutaka kuwafundisha watu sheria. Akaipeleka nchi yake mbinguni ili aweze kuisema ya chini. Njia hiyo tumeipenda kwa miaka mingi na tunaifundisha darasani: ficha, zungusha, weka mfalme wa kubuni. Malala naye aliweka mfalme wa kubuni. Tofauti ni kwamba siku hizi mkubwa naye amekwisha kusoma Kusadikika shuleni, anajua mchezo, na haoni haya kuukamata ufalme usiokuwepo. Kwa hiyo ushauri wa "tumia mafumbo" ambao wazee wa sanaa huutoa kwa vijana kila warsha, mimi nauona umechakaa. Fumbo linafaa kwa uzuri wake. Kama kinga halifai tena.

Basi afanye nini mtu aliyepewa ndiyo ya nusu? Wasichana wa Butere walifanya mambo mawili ambayo ningependa vikundi vyetu viyatazame kwa makini.

La kwanza, walikwenda. Hawakubaki bwenini Kirobon wakituma ujumbe kwamba wamesusa. Wangefanya hivyo, ratiba ingesogea dakika chache, shule inayofuata ingeitwa, na mshereheshaji angesema Butere hawakutokea. Anayesusa kwa kutokuja anaandikwa mtoro. Walipanda jukwaani, wakaonekana na waliokuwepo, wakaimba kitu ambacho hakuna ofisa wa Kenya anayeweza kukikata mstari, yaani wimbo wa taifa, kisha wakashuka na kuwaeleza waandishi wa habari sababu zao. Kila hatua ilikuwa halali. Hakuna kilichovunjwa, hakuna aliyetukanwa.

La pili, walikataa wakati ambao kukataa kulikuwa na kitu cha kukataa. Hapa pana mtego unaowanasa wasanii wengi, wanaosusia mapema mno kwa hasira, kabla hawajaomba kibali, kabla hawajanyimwa. Hapo hakuna mtu anayejua walichonyimwa ni nini. Butere waliomba, wakazuiwa, wakaenda mahakamani, wakashinda, wakasafiri, wakafika. Walimaliza milango yote, wakabaki na mlango wa kutokea.

Jambo kama hili lilitokea pia Japani mwaka 2019. Tamasha la sanaa la Aichi lilifunguliwa tarehe 1 Agosti, na ndani yake palikuwa na sehemu ya kazi zilizowahi kuzuiwa huko nyuma, ikiwemo sanamu ya msichana inayokumbusha wanawake walioteswa na jeshi la Japani wakati wa vita. Vitisho vikamiminika, na siku ya tatu sehemu ile ikafungwa. Tamasha lenyewe likaendelea, wageni wakikaribishwa kama kawaida. Wasanii kadhaa wa kimataifa, Tania Bruguera wa Kuba akiwemo, wakaziondoa kazi zao au wakazifungia milango wageni wasizione. Walikuwa ndani ya tamasha tayari, majina yao yako kwenye mabango, na kila mgeni aliyelipa kiingilio alikuta chumba kimefungwa na kuuliza kwa nini. Tarehe 8 Oktoba sehemu iliyofungwa ikafunguliwa tena kwa siku chache za mwisho. Mwandaaji anaweza kuvumilia kelele za walio nje. Vyumba vitupu katikati ya maonyesho yake vilimuumiza zaidi.

Lakini nisiwapambe wasichana wa Butere mpaka nikasahau onyo, maana habari hii ina upande ambao hautii moyo. Wale ni watoto wa shule. Walivuta moshi wa mabomu ya machozi usiku wa kuamkia mashindano. Malala aliachiwa siku hiyohiyo ya tarehe 10 bila kufikishwa mahakamani, akarudi kwenye siasa zake, na umaarufu wake haukupungua. Swali la Waziri Ogamba, hata kama liliulizwa ili kukwepa swali la mabomu, lina chembe ya haki: mwanasiasa mwenye ugomvi na waliomwondoa chamani anapowaandikia watoto igizo kuhusu utawala, mzazi ana haki ya kuuliza igizo ni la nani. Jibu langu ni kwamba igizo lisomwe na lihukumiwe kwa yaliyomo. Kama lina uongo au matusi, waamuzi walipe alama ndogo. Mwandishi mbaya hatibiwi kwa kuwapiga moshi wachezaji. Hata hivyo, nikiwa mwalimu wa sanaa Korogwe, nisingewapandisha wanafunzi wangu gari kuelekea kwenye vita ya watu wazima bila kuwaita wazazi, kuwasomea igizo lote, na kuwaambia wazi kinachoweza kutokea. Mzigo wa wakubwa ulibebwa Nakuru na mabega madogo. Yalistahimili, lakini safari nyingine yanaweza yasistahimili.

Tena walishindwa mashindano. Igizo ambalo halikuchezwa halipewi alama. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho aliyeota kusimama mbele ya ukumbi uliojaa hataipata tena siku ile, na hakuna makala wala hukumu itakayomrudishia. Msanii anayefikiria kukataa na ajue kwamba bei hulipwa siku ileile, kwa pesa taslimu, na heshima huja baadaye kwa mkopo.

Kwa viongozi wa vikundi, basi. Mnapoitwa kwenye hafla, ulizeni mapema: tutacheza kwa muda gani, mbele ya nani, nani atashika vyombo vya sauti, na kuna ubeti wowote mnaotaka tuuache? Ulizeni siku ya mwaliko, msisubiri chini ya mwembe ngoma zikiwa zimekwisha kukaza. Mkiambiwa kuna ubeti wa kuacha, ombeni uandikwe. Kijana wa daftari atashtuka, na huenda akaenda kumuuliza mkubwa wake, na huenda mkubwa akaona aibu kuliandika alilokuwa tayari kulisema. Ubeti mwingi utapona hapo hapo. Usipopona, mtaamua wenyewe kama mnaingia uwanjani au mnasimama mbele ya mgeni, mnamsalimu kwa heshima zote, na kuondoka na ngoma zenu. Walimu mnaoandaa fani za ndani za UMISSETA, ni vivyo hivyo: someni kanuni za shindano pamoja na wanafunzi kabla ya kuanza mazoezi, wekeni nakala ya igizo lililopitishwa na mihuri yake, na mtu akija kulikata dakika ya mwisho mwonyesheni ile nakala.

Na kwa Maafisa Utamaduni wa halmashauri zetu, ambao wengi wao ni watu wa sanaa waliokaa ofisini, nina ombi moja. Wizara yenye dhamana ya utamaduni ilimpata mwaka 2023 Naibu Waziri ambaye ni Hamis Mwinjuma, Mwana FA, Mbunge wa Muheza, jirani zetu hapo chini, mtu aliyejua maikrofoni kabla ya kujua meza ya ofisi. Hamna kisingizio kwamba wakubwa wenu hawajui kazi ya ubeti. Mkiona igizo au wimbo haufai, mna mamlaka ya kusema hapana. Isemeni. Iandikeni, mtaje kifungu cha sheria, mtie sahihi na tarehe, mumpe aliyekataliwa nakala yake, ili ajue pa kwenda kulalamikia, kwa Waziri au kwa jaji. Na mkisema ndiyo, leteni spika, fungueni milango, na waacheni watu waingie.